Maswali ya Wasomaji: Picha za Mishipa ya Ini Kabla ya Upasuaji

Barua za ini ni nyingi safari hii, na karibu zote zinaangukia pale pale: mgonjwa keshapigwa picha, lakini daktari wa upasuaji anataka nyingine. Penye mengi tumejibu kwa kirefu, pasipo na mengi tumepita haraka. Majina ya waandishi na ya hospitali tumeyaondoa.

Shikamooni. Mama yetu alipigwa utrasaundi ikaonekana ana uvimbe upande wa kulia wa ini, tukalipia siti skani ya tumbo hapa mjini. Tulipofika hospitali ya rufaa, daktari wa upasuaji aliitazama filamu kidogo tu, kisha akaandika CT nyingine, "ya awamu tatu, pamoja na mishipa". Ile ya kwanza ilikuwa mbovu, au tunaongezewa gharama? (Msomaji, Mwanza)

Marahaba, na poleni kwa kuuguza. Picha ya kwanza huenda haina ubovu wowote, ila ilipigwa kujibu swali jingine. Siti skani ya kawaida ya tumbo hupigwa mara moja, sekunde 70 hivi baada ya dawa ya kung'arisha mishipa kuanza kuingia mkononi. Inatosha kusema uvimbe upo, uko wapi na una ukubwa gani. Anayetaka kukata ana maswali yake: ateri ya upande utakaobaki inapita wapi? Uvimbe umeegemea vena ipi? Kipande kitakachobaki kitaletewa damu na nani, na damu hiyo itatokea wapi?

Ini huletewa damu na mishipa miwili, si mmoja. Takriban robo tatu huja kwa vena ya lango, inayokusanya damu ya matumbo, wengu na kongosho. Robo iliyobaki huja kwa ateri ya ini, na hii ndiyo yenye oksijeni nyingi zaidi. Damu yote hiyo hutoka kwa vena za ini, ambazo kwa kawaida ni tatu, ya kulia, ya kati na ya kushoto, na humwaga kwenye vena kuu ya chini hatua chache tu kabla ya moyo. Kwa hiyo kuna mitandao mitatu ndani ya kiungo kimoja, imepishana na kuzungukana, na dawa huifikia kwa nyakati tofauti.

Hapo ndipo awamu zinapokuja. Kati ya sekunde ya 20 na ya 30 tangu sindano ianze, ateri peke yake ndizo zinazong'aa. Ikifika ya 35 hadi ya 40 ateri bado zinawaka, vena ya lango imeanza kupata rangi, na uvimbe unaolishwa zaidi na ateri hujitokeza mweupe. Saratani inayoanzia kwenye ini lenyewe ni mojawapo. Kati ya 65 na 80 vena ya lango na vena za ini zimejaa. Dakika 3 hadi 5 baadaye dawa imeshasambaa, na saratani hiyo mara nyingi huonekana nyeusi kuliko ini lililoizunguka kwa sababu imeipoteza dawa mapema. Picha iliyopigwa sekunde ya 70 haiwezi kurudishwa nyuma ikaonyesha ateri za sekunde ya 25.

Kuna na suala la unene wa vipande. Filamu nyingi huchapwa kwa vipande vya milimita 5. Ateri ya kulia ya ini ina upana wa milimita 3 au 4, na tawi linalolisha sehemu ya nne kati ya 8 za ini linaweza kuwa na milimita 1 au 2 tu, hivyo kwenye kipande kinene hupotelea katikati. Kabla ya kulipa mara ya pili, rudini mlikopiga mwanzo muulize mambo mawili: je, ilipigwa awamu ya ateri? Na data ghafi bado ipo kwenye mashine? Kama majibu yote ni ndiyo, wanaweza kuitengeneza upya kwa vipande vya milimita 1 bila mama kulala tena kwenye mashine. Nendeni mapema, kwa maana data ghafi hufutwa baada ya siku chache ili kupata nafasi. Kama awamu ya ateri haikupigwa, hakuna njia ya mkato. Hiyo CT ya pili inahitajika kweli.

Baba ana kisukari na anatumia metformini. Mmoja anasema asile kuanzia jana yake, mwingine anasema aache dawa siku mbili. Tumsikilize nani? (Msomaji, Dodoma)

Aliyewapa miadi ndiye wa kusikilizwa, lakini sababu ni hizi, mpate kuuliza vizuri. Njaa ya usiku kucha haina faida kwa CT, na kwa mwenye kisukari inaweza kuleta balaa la sukari kushuka. Hospitali nyingi huomba mgonjwa asile chakula kizito kwa saa 4 hivi. Maji anaruhusiwa, tena anywe, maana figo hutoa dawa ya kung'arisha vizuri zaidi mwili ukiwa na maji ya kutosha. Ombeni miadi ya asubuhi.

Metformini yenyewe haigombani na dawa ya kung'arisha. Hofu ni figo: zikishindwa kazi, metformini hulundikana na damu huwa na asidi. Kwa hiyo apimwe kreatinini, taka ya damu inayotolewa na figo, kabla, na kutokana nayo likokotolewe kiwango cha uchujaji wa figo. Kikiwa juu ya 30 na figo hazijapata shida ya ghafla, miongozo ya sasa haimtaki aache. Kikiwa chini ya 30, husimamishwa siku ya kipimo na kurudishwa baada ya saa 48, figo zikipimwa tena na kuonekana ziko sawa. Baadhi ya hospitali humsimamishia kila mgonjwa kwa tahadhari. Wakifanya hivyo msibishane, ila waulizeni siku ya kuirudia, kwa kuwa wapo wanaoiacha na wasiambiwe lini waanze tena, wakarudi hospitali sukari ikiwa juu.

Kwa utrasaundi ya Dopla, inayopima mwendo wa damu, mambo ni tofauti. Huko kufunga saa 6 kuna maana, kwa kuwa gesi ya tumbo huziba njia ya mawimbi na mlo huongeza kasi ya damu katika vena ya lango, vipimo vikapotoka.

Nikila kamba au pweza navimba midomo. Nimeambiwa dawa ya CT ina iodini kama samaki wa baharini. Nikatae? (Msomaji, Mombasa)

Usikatae kwa sababu hiyo. Kinachokudhuru kwenye kamba na pweza ni protini zao, si iodini. Kinachopaswa kutusimamisha ni kama uliwahi kudhurika na dawa yenyewe ya kung'arisha: ulivimba, ulibanwa pumzi au uliishiwa nguvu. Hapo mwambie mtaalamu, na kama unakumbuka jina la dawa ile, mtajie. Wanaweza kubadili aina, au daktari akaandika prednisoloni ya miligramu 50 saa 13, saa 7 na saa 1 kabla ya kipimo, pamoja na dawa ya mzio. Joto linalopanda kifuani hadi kwenye kibofu, ukahisi kama umejikojolea, si mzio. Karibu kila mtu hulipata, na huisha kabla hujashuka kitandani.

Mimi ni mwanafunzi wa mionzi. Tukipiga mishipa ya ini kwa CT, vena hutoka safi lakini ateri huwa hafifu, mara nyingine hazifuatiliki zikishaingia ndani ya ini. Tunakosea wapi? (Mwanafunzi, mwaka wa tatu)

Swali lako limebeba nusu ya jibu. Ung'avu wa vena na wa nyama ya ini hutegemea jumla ya iodini uliyoingiza. Ung'avu wa ateri hutegemea kasi uliyoiingizia. Vena zikiwa nzuri na ateri hafifu, kiasi chako kinatosha ila kinaingia polepole, au kinaingia sawasawa lakini mnapiga kwa wakati usio wake.

Anza na kanula, kimrija cha kuingizia dawa mshipani, usianze na mashine. Kanula ya buluu, namba 22, iliyowekwa mgongo wa kiganja kwa kuwa mshipa wa pale ulionekana upesi, ndiyo inayoharibu picha nyingi kuliko kitu kingine chochote. Haistahimili mililita 4 hadi 5 kwa sekunde. Weka ya pinki, namba 20, au ya kijani, namba 18, kwenye kikunjo cha mkono, wa kulia ukipatikana. Kisha ijaribu: sukuma mililita 20 za maji ya chumvi kwa kasi ile ile utakayotumia, kidole chako kikiwa juu ya mshipa. Ukihisi ngozi inatuna au mgonjwa akikunja uso, kanula haifai, tafuta mshipa mwingine. Ni heri maji ya chumvi yavuje kuliko dawa ivuje.

Sasa hesabu. Mgonjwa wa kilo 60, kwa dawa yenye miligramu 350 hadi 370 za iodini katika kila mililita, anahitaji mililita 1.5 hadi 2 kwa kilo, yaani 90 hadi 120. Mililita 120 kwa kasi ya 4 zinaisha sekunde ya 30. Kwa kasi ya 2 zinaisha sekunde ya 60: kiasi ni kile kile, lakini iodini inayopita kwenye aota, ateri kuu itokayo moyoni, kila sekunde ni nusu, na ateri haifikii ung'avu wake kamwe. Sukuma nyuma yake maji ya chumvi mililita 30 hadi 40 kwa kasi hiyo hiyo, la sivyo dawa ya mwisho hubaki kwenye mshipa wa mkono bila kazi. Dawa ipashwe hadi nyuzi 37, maana ikiwa baridi ni nzito na mashine ya kusukumia hugonga kikomo cha presha, ikapunguza kasi yenyewe bila wewe kujua. Baada ya kila mgonjwa soma kwenye skrini kasi iliyofikiwa, usiridhike na uliyoiandika.

Halafu wakati. Kuhesabu sekunde zile zile kwa kila mtu kunawaangusha wagonjwa wawili: mzee mwenye moyo dhaifu, ambaye dawa humfikia ikiwa imechelewa, na kijana mwenye homa, ambaye dawa humpita upesi. Tumia ufuatiliaji wa dawa. Weka duara dogo katikati ya aota, usawa wa kiwambo cha kifua, lisiguse chokaa ya ukuta wa mshipa kwa sababu chokaa ni nyeupe tayari na itaidanganya mashine. Dawa ikivuka kiwango cha 100 hadi 150 HU (kipimo cha ung'avu kwenye CT), subiri sekunde 6 hadi 8 kwa ramani ya ateri, au 15 hadi 18 kwa awamu ya mwisho ya ateri inayoonyesha uvimbe vizuri. Wakihitaji vyote viwili, piga vyote viwili.

Ndani ya hizo sekunde 6 ndimo inamokaa amri ya pumzi. Mashine nyingi huja na sauti ya Kiingereza. Mgonjwa asiyeielewa huvuta pumzi picha ikiwa imeshaanza, ini likasogea, na ateri ikaonekana imekatika mahali ambapo haijakatika. Rekodi sauti kwa lugha anayoijua, fupi: "Vuta pumzi. Shikilia." Mfanyishe mazoezi mara mbili kabla ya dawa, umtazame tumbo. Akishindwa kabisa kuvuta na kushikilia, mwambie aache tu kupumua alipofikia.

Tumbo lijazwe maji ya kawaida, mililita 500, dakika 15 hadi 20 kabla. Msimpe dawa nyeupe ya kunywa kwa kipimo hiki, kwa kuwa utumbo utang'aa sawa na ateri zilizo nyuma yake na picha ya pande tatu itakuwa vurugu. Kwa mgonjwa mwembamba shusha kilovolti kutoka 120 hadi 100, iodini itang'aa zaidi kwa dawa ile ile. Anza juu ya kiwambo na ushuke hadi chini ya mahali inapotokea ateri ya mesenteri ya juu, inayolisha matumbo, sababu utaiona kwenye jibu linalofuata. Tengeneza vipande vya milimita 1 au pungufu, vipandane kidogo.

Na hizo picha za rangi za pande tatu ambazo kila mtu anazipenda: zitengeneze, madaktari wa upasuaji wanazihitaji, lakini usitangaze kwamba mshipa haupo kwa kuwa haumo mle. Programu ikifuta mifupa huweza kufuta na ateri iliyoigusa. Rudi kwenye vipande vyembamba, uufuate mshipa kutoka aota hadi unapoishia.

Ripoti ya shemeji yangu inasema ateri ya kulia ya ini "inatokea kwenye ateri ya mesenteri ya juu". Tulikwenda kwa uvimbe, je, huu nao ni ugonjwa mwingine? (Msomaji, Nairobi)

Si ugonjwa. Amezaliwa hivyo, na angeishi hadi uzeeni bila kujua. Vitabuni, aota hutoa shina la siliaki, shina hutoa ateri ya ini, nayo hugawanyika kulia na kushoto. Mwaka 1966 Michels, Mmarekani aliyepasua maiti 200, alipanga namna 10 za mpangilio huo, na ule wa vitabuni aliupata kwa zaidi kidogo ya nusu yao. Hiatt na wenzake walipochapisha hesabu ya ini 1,000 zilizotolewa kwa upandikizaji mwaka 1994, wa vitabuni walikuwa kama asilimia 76. Vyovyote utakavyohesabu, watu wengi hawafanani na kitabu. Namna mbili hujirudia zaidi, kila moja kwa takriban mtu 1 kati ya 10: ateri ya kulia kutokea kwenye mesenteri ya juu kama kwa shemeji yako, na ya kushoto kutokea kwenye ateri ya mfuko wa chakula.

Kwa daktari wa upasuaji habari hiyo ina uzito sana. Ateri ya namna ya shemeji yako hupanda nyuma ya kichwa cha kongosho, ikapita nyuma ya vena ya lango, upande wa kulia, jirani na mrija wa nyongo. Asiyeitegemea huko anaweza kuikata akidhani ni tishu tu. Na akiikata, ini lenyewe huweza kuvumilia kwa damu ya vena ya lango, lakini mirija ya nyongo haiwezi: yenyewe hulishwa na ateri peke yake. Siku au wiki kadhaa baadaye nyongo huvuja, mirija huoza au husinyaa, na homa za mara kwa mara huanza. Ndiyo maana ripoti nzuri haisemi tu "kuna tofauti". Inasema kama ateri hiyo ndiyo pekee inayolisha upande wa kulia au ni ya nyongeza, inapita wapi, na iko umbali gani kutoka kwenye uvimbe.

Muulize daktari kama ripoti imetaja na mitandao mingine miwili. Vena ya lango kwa kawaida hugawanyika mara mbili, kulia na kushoto, lakini kwa baadhi ya watu hugawanyika mara tatu kwa pamoja, au tawi la mbele la kulia hutokea kwenye la kushoto. Mgawanyiko huu wa mwisho ndio wa kuogopwa: daktari anayetoa upande wa kushoto akifunga vena chini sana, amekata na chakula cha sehemu ya mbele ya kulia. Kwenye vena za ini, ya kati ndiyo mpaka wa kulia na kushoto, na mara nyingi huungana na ya kushoto kabla ya kufika vena kuu. Mpango wa sehemu 8 za ini unaotumika duniani kote, aliouweka Couinaud wa Ufaransa mwaka 1957, umejengwa juu ya mishipa hii. Kwa nje mipaka hiyo haionekani, na ndiyo sababu hata mwenye CT nzuri hupitisha utrasaundi juu ya ini lenyewe akiwa chumba cha upasuaji, kabla ya kukata.

Mdogo wangu amejitolea kumpa baba kipande cha ini, tunajiandaa kwenda India. Kapigwa CT hapa nyumbani, huko wanasema watarudia. Wanatafuta nini kwa mtu mzima wa afya? (Msomaji, Zanzibar)

Wanatafuta sababu za kumkatalia, na ni haki yake watafute kwa bidii. Mdogo wako hana ugonjwa, anaingia chumba cha upasuaji kwa ajili ya mwingine.

Kwanza ujazo. Kompyuta huzungushia ini kipande kwa kipande na kukokotoa lina mililita ngapi upande wa kulia na wa kushoto. Mpokeaji anahitaji kipande chenye uzito usiopungua asilimia 0.8 ya uzito wa mwili wake. Baba akiwa na kilo 70, hiyo ni gramu 560. Uzito wa maji yaliyojaa tumboni usihesabiwe humo. Na mdogo wako abakiwe na angalau asilimia 30 hadi 35 ya ini lake. Vyote viwili vitimie.

Pili, awamu isiyo na dawa, ambayo wengi huiruka. Ini la kawaida huonekana jeupe kidogo kuliko wengu. Likiwa jeusi kuliko wengu lina mafuta, na ini la mafuta haliotei vizuri kwa yeyote kati yao.

Tatu, vena. Upande wa kulia wa ini ukihamishwa bila vena ya kati, matawi yake ya sehemu ya 5 na ya 8 hubaki yamekatwa. Yenye upana wa milimita 5 au zaidi lazima yaunganishwe upya, vinginevyo damu huingia ikakosa pa kutokea, kipande kikavimba. Vivyo hivyo vena ya ziada ya kulia chini inayomwaga yenyewe kwenye vena kuu. Ateri ya sehemu ya 4 nayo hutafutwa, kwa kuwa hiyo inabaki na mtoaji. Ateri ndefu na moja ya kulia, hata ikitokea mahali pasipo pa vitabuni, ni heri kwao.

Mirija ya nyongo hutazamwa kwa MRI, mashine ya sumaku. Bebeni CT ya nyumbani kama data kamili. Ikiwa na awamu zote na vipande vya milimita 1, waombeni waisome kwanza.

Mjomba ana saratani ya utumbo iliyohamia ini. Kamaliza dawa za kemo, sasa wanasema wazibe mshipa mmoja wa ini, wasubiri wiki kadhaa, wapige CT tena ndipo wamkate. Kwa nini wasimkate sasa? (Msomaji, Kigoma)

Kwa sababu kitakachobaki ni kidogo mno kwa sasa. Ini zima lenye afya huvumilia kubakizwa asilimia 20. Lililopita kwenye kemo linahitaji 30, na lenye makovu ya sirosisi 40. Chini ya hapo mgonjwa hupona kidonda lakini ini likashindwa kazi: manjano, maji tumboni, usingizi mzito.

Kuziba tawi la vena ya lango la upande utakaotolewa hupeleka damu yote ya matumbo upande utakaobaki, nao hukua. Sindano hupitishwa kwenye ngozi ya ubavu, daktari wa mionzi akiongozwa na utrasaundi. CT hurudiwa baada ya wiki 3 hadi 6 na ujazo ukapimwa upya kwa namna ile ile. Swali la kuuliza siku hiyo ni moja: kimekua kwa kiasi gani? Ini lisilokua kabisa baada ya kuzibwa linaonya kwamba halitavumilia kukatwa.

Nimevua samaki ziwani tangu utoto, nimetibiwa kichocho cha tumbo mara kadhaa. Wamekuta uvimbe kwenye ini na Dopla inasema kuna bonge kwenye vena ya lango. Upasuaji bado unawezekana? (Msomaji, Musoma)

Pole sana. Inategemea bonge ni la nini, na hilo hujibiwa kwa picha. Damu iliyoganda tu haichukui dawa ya kung'arisha, na kwa kawaida haiupanui mshipa. Saratani iliyoingia ndani ya vena huupanua, hung'aa kwenye awamu ya ateri, na Dopla husikia ndani yake mapigo ya ateri. La kwanza hutibika na huweza kuachia njia ya upasuaji. La pili, likiwa kwenye shina lenyewe la vena, kwa kawaida hufunga mlango huo, na tiba nyingine hutafutwa.

Kichocho nacho kina alama zake. Mayai hunasa kwenye matawi madogo ya vena ya lango na kuacha makovu yanayoizunguka mishipa. Itifaki ya Niamey ya Shirika la Afya Duniani huyapanga kwa herufi, na kuanzia C hadi F ni dalili za makovu. Waombe wapime upana wa vena ya lango (zaidi ya milimita 13 huashiria presha kubwa), kasi na mwelekeo wa damu (kwa kawaida sentimita 16 hadi 40 kwa sekunde, kuelekea ini), ukubwa wa wengu, na mishipa ya kando iliyotanuka, hasa kwenye umio. Presha hiyo huzidisha kutoka damu wakati wa upasuaji, kwa hiyo kipimo cha kamera ya umio kitangulie. Uwaambie pia tarehe ya mwisho ya kunywa prazikwanteli, dawa ya kichocho.

Je, MRI si bora kuliko CT, kwa kuwa haina mionzi? (Msomaji, Bujumbura)

Kwa uvimbe mdogo na mirija ya nyongo, ndiyo. Kwa ateri nyembamba, CT nzuri bado ina makali zaidi, na pumzi ya kushikilia ni fupi. Wengi wanaopasuliwa ini huhitaji zote mbili. Mwenye kifaa cha moyo au chuma mwilini aseme kabla ya kuingia chumba cha MRI.

Wifi yangu wa Turkana ana uvimbe wa maji wa hidatidi kwenye ini. Naye apigwe mishipa? (Msomaji, Lodwar)

Ndiyo, akipangiwa upasuaji. Uvimbe huo hauli mishipa, huisukuma, na vena za ini huweza kulala juu ya ukuta wake. CT ya awamu ya vena kwa kawaida inatosha, pamoja na swali la kama umetoboka kwenye mirija ya nyongo. Asichomwe sindano popote kabla ya kuanza albendazoli, dawa ya minyoo.

Tukipelekwa hospitali nyingine, tubebe nini hasa? (Wasomaji kadhaa)

Diski au flashi yenye data kamili ya DICOM (muundo wa kompyuta wa picha za hospitali), awamu zote, vipande vyembamba. Picha za filamu zilizopigwa kwa simu hazisomeki kwa kazi hii. Ifungueni kwenye kompyuta ya pale pale kabla ya kuondoka, muone kwamba mafaili yapo, yanafunguka, na jina ni la mgonjwa wenu. Bebeni ripoti yenye saini, majibu ya kreatinini yenye tarehe, na jina na kiasi cha dawa ya kung'arisha aliyochomwa. Mkienda kupiga upya, fomu isiandikwe "CT ya tumbo" tu. Mwombeni daktari aandike: "Maandalizi ya upasuaji wa ini: awamu isiyo na dawa, ya ateri, ya vena na ya kuchelewa, vipande vya milimita 1, onyesha ateri, vena ya lango na vena za ini, pima ujazo." Fomu ikiandikwa hivyo, mtaalamu wa zamu atajua aweke kanula gani.